Vidokezo 13 kwa Anayekwenda Kuliona Kanisa Kuu la Pella, Jangwani Afrika Kusini

Kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, karibu na Mto Orange unaoitenga nchi hiyo na Namibia, kuna kijiji cha jangwani kinachoitwa Pella. Nyumba zake ni za chini, njia zake zina vumbi, na penye mitende limesimama kanisa kuu la Kikatoliki lenye rangi ya manjano. Lilijengwa na mapadre wawili kutoka Ufaransa pamoja na watu wa hapo, bila msanifu majengo, kwa kufuata maelezo ya ensaiklopidia.

Watu wetu wengi huenda Johannesburg na Cape Town kwa masomo, biashara, mikutano au kuwaona ndugu. Wakipata siku za ziada huishia madukani na ufukweni. Mimi nawaomba wafikirie jangwa. Kama una siku nne mkononi na roho ya kutulia, Pella itakulipa, uwe Mkatoliki au la.

1. Soma habari za mahali kabla ya kufunga mkoba

Pella haikuanza na Wakatoliki. Ilianza mwaka 1814 kama kituo cha Chama cha Wamisionari cha London, ambao walikuwa Waprotestanti. Miaka michache kabla ya hapo, misheni ya Warmbad, ng'ambo ya mto katika nchi ambayo leo ni Namibia, ilivamiwa na watu wa Jager Afrikaner, kiongozi wa kundi la wapiganaji wenye farasi na bunduki. Wamisionari na Wanama waliokuwa nao wakavuka mto kuelekea kusini. Hapo walipopata hifadhi wakapaita Pella, kwa kuukumbuka mji wa Pella ulioko Yordani ya leo, ambako kwa mapokeo ya Kanisa Wakristo wa Yerusalemu walikimbilia kabla Warumi hawajaliangusha hekalu mwaka 70.

Kwa hiyo unapokanyaga Pella unakanyaga mahali palipoanzishwa na wakimbizi. Sisi tunaoishi jirani na Kakuma, Kigoma na mipaka ya Maziwa Makuu tunaelewa uzito wa jambo hilo bila kufundishwa.

Kuna pia jambo la kutia moyo. Jager Afrikaner, yule yule aliyewafukuza watu, baadaye alibatizwa, na mwaka 1819 akafuatana na mmisionari Robert Moffat hadi Cape Town kama rafiki. Moffat huyo ndiye aliyekuja kuwa baba mkwe wa David Livingstone, ambaye jina lake linajulikana hadi Ujiji.

Ukame mkali uliwashinda wa kwanza, kituo kikaachwa katika miaka ya 1870. Kabla muongo huo haujaisha Wakatoliki wakaja kukifufua, na mwaka 1882 akafika padre kijana aitwaye Jean-Marie Simon. Kanisa utakaloliona ni kazi ya maisha yake.

2. Chagua mwezi kwa makini

Kusini mwa Afrika majira yamegeuka. Desemba hadi Februari ni joto kali, na eneo la Pella huvuka nyuzi 40 mara kwa mara. Wakazi hufunga madirisha mchana, mbwa hulala kivulini, na mgeni anayezurura saa saba mchana anajitesa bure. Juni na Julai mchana ni mzuri kwa kutembea, lakini usiku baridi hukaribia kugandisha maji. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam asidanganywe na neno jangwa akaacha sweta nyumbani. Abebe sweta zito, soksi na kofia ya sufu.

Kama mwezi ni wa kuchagua mwenyewe, nenda Agosti au Septemba. Mvua kidogo za majira ya baridi zikiwa zimeshika, nyanda za Namaqualand upande wa magharibi huchanua maua ya machungwa, manjano na meupe hadi upeo wa macho, na watu hutoka mbali kuyafuata. Unaweza kuyaona maua upande wa Springbok kisha ukaendelea hadi Pella kwa safari ile ile.

3. Pima umbali kwa saa, si kwa ramani

Njia kuu ni barabara ya N14 inayounganisha Upington na Springbok. Upington ina uwanja wa ndege wenye safari za Johannesburg, na hapo utakodi gari. Kutoka Upington hadi mji mdogo wa Pofadder ni kilomita zaidi ya 200, halafu unaendelea kidogo kuelekea magharibi hadi uone kibao cha Pella upande wa kulia. Anayetoka Cape Town atapita Springbok, na hiyo peke yake ni zaidi ya kilomita 500 kutoka mjini.

Lami ya N14 ni nzuri na imenyooka mno, na hapo ndipo hatari ilipo: usingizi. Badilishaneni usukani. Jaza tangi kila upatapo kituo cha mafuta, hata kama bado una nusu, kwa sababu kati ya mji na mji hakuna kitu. Hakikisha tairi la akiba lina upepo na jeki ipo. Usiendeshe usiku. Tandala hukatiza barabara gizani, na mnyama mwenye uzito ule akigonga kioo cha mbele hakuna anayesalimika kirahisi. Malori ya migodi ya upande wa Aggeneys nayo hupita kwa kasi, kwa hiyo usijaribu kuyapita kwa pupa.

Maji: lita tano kwa kila mtu garini, na usiyaguse ili yabaki ya dharura.

Wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, na saa zao ziko nyuma ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa moja. Raia wa Tanzania na Kenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi, lakini taratibu hubadilika. Hakiki na ubalozi, na kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti.

4. Lala hapo hapo, au jirani kabisa

Wageni wengi huingia Pella saa nne asubuhi, wakapiga picha, wakanunua soda, na kufikia saa tano wako barabarani tena. Wamekiona kijiji kikiwa na mwanga mbaya kuliko wote na hawakuzungumza na mtu. Tafuta chumba kijijini kwa familia zinazopokea wageni, au Pofadder, au kwenye mashamba ya karibu. Weka nafasi mapema kwa simu, maana vyumba ni vichache na wakati wa maua hujaa.

Ukilala utapata jioni, wakati kuta za kanisa zinapobadilika rangi kadiri jua linavyoshuka nyuma ya vilima vya mawe. Utapata usiku wenye nyota ambazo mtu aliyekulia mjini hajapata kuziona kwa wingi huo. Na utapata asubuhi ya mapema, kabla ya joto, ambayo ndiyo saa bora ya kulitazama kanisa.

5. Lizunguke kanisa kwa nje kwanza, ukijua lilivyojengwa

Hapa chukua muda wako wote.

Padre Simon na mwenzake Padre Leo Wolf walikuwa wa shirika la Waoblati wa Mtakatifu Fransisko wa Sales, lililoanzishwa mjini Troyes, Ufaransa, na Padre Louis Brisson, ambaye Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 2012. Hawakuwa waashi. Hawakuwa wahandisi. Hapakuwa na reli karibu, wala duka la vifaa, wala fedha za kumleta fundi kutoka Ulaya. Walichokuwa nacho ni ensaiklopidia ya Kifaransa yenye sehemu ya ufundi na ujenzi, na waumini waliokuwa tayari kushika kazi. Mwaka 1888 wakaanza. Wakasoma ukurasa, wakajaribu, wakasoma tena. Udongo ukafyatuliwa matofali, mawe yakasombwa kwa magari ya kukokotwa na wanyama, chokaa ikachomwa. Miaka 7 ikapita hivyo, katika nchi ambayo mvua ya mwaka mzima haijazi ndoo kadhaa. Mwaka 1895 kanisa likakamilika.

Kumbuka kilichokuwa kikiendelea kwetu wakati ule. Miaka hiyo hiyo ya 1890 kanisa la Mtakatifu Yosefu la Zanzibar, lile la Minara Miwili, lilikuwa linainuliwa Mji Mkongwe. Lakini Zanzibar palikuwa na bandari, mafundi wa mawe wa miaka mingi, matumbawe, boriti na biashara ya dunia nzima mlangoni. Pella palikuwa na kitabu na mikono ya watu. Ukiyaweka makanisa haya mawili kichwani kwa pamoja, utaona ni ujasiri wa namna gani uliohitajika jangwani.

Sasa zunguka polepole. Tazama pembe za kuta, mipinde juu ya madirisha, namna lipu ilivyovutwa. Jiulize nani alishika pima maji, nani alibeba ndoo ya udongo, mwanamke gani alipika chakula cha wajenzi wale kwa miaka 7. Vitabu vinataja majina mawili ya mapadre. Wanama na watu wengine wa Pella waliofanya sehemu kubwa ya kazi hawatajwi mara nyingi, na mimi naona hilo ni deni. Ukimpata mwenyeji wa kukuongoza, muulize juu yao kwanza. Muulize mbao zilitoka wapi, maji ya kuchanganyia udongo yalichotwa wapi, na kama yeye mwenyewe ni mjukuu wa mmoja wa waliofyatua matofali. Maswali hayo humfungua mtu kuliko swali la kanisa lina urefu wa mita ngapi.

6. Ukiingia, ingia kama mgeni wa nyumba ya sala

Kanisa hili halijageuzwa kumbukumbu. Watu husali humo, hubatiza watoto humo, huaga maiti humo. Funika mabega, vaa nguo inayovuka magoti, vua kofia kama wewe ni mwanamume. Kanga moja kwenye mkoba inatatua mambo yote haya, na jioni utajifunika nayo kujikinga na baridi.

Tafuta taa ndogo inayowaka karibu na tabernakulo. Ikiwaka, Ekaristi imo ndani. Mkatoliki atapiga goti. Asiye Mkatoliki ainamishe kichwa kidogo au asimame kimya, inatosha. Msomaji Mwislamu au wa dhehebu jingine asione kwamba ataingilia mambo ya watu. Akikaa benchi la nyuma kwa utulivu hakuna atakayemuuliza anatafuta nini.

Zima sauti ya simu kabla ya mlango. Usiguse vyombo vya altareni, na usipande ngazi za altare ili upate picha. Ukimkuta mtu akisali, msubiri amalize ndipo utembee mbele yake.

Kisha keti. Dakika kumi au zaidi. Unatoka kwenye joto lililokuwa likikusukuma, kuta zile nene zinakupokea, na masikio yanaanza kusikia ukimya wa jangwa. Nafikiri hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote za mahali hapa, na anayetoka bila kuketi hajaipokea.

7. Panga safari iangukie Jumapili

Ibada ya Jumapili ndiyo wakati kanisa linaeleweka. Misa huko husaliwa hasa kwa Kiafrikaans, lugha ya kwanza ya watu wengi wa eneo hilo. Hata kama huelewi neno, ukiwa Mkatoliki utajua mko wapi kila dakika: hapa ni masomo, hapa ni matoleo, hapa ni mageuzo. Wakianza *Onse Vader*, sali Baba Yetu kwa Kiswahili kwa sauti ya chini pamoja nao.

Kuna parokia za jangwani ambako padre mmoja anahudumia vituo vingi, na saa za Misa hubadilika. Uliza siku moja kabla, kwa mwenyeji wako au nyumba ya masista. Usitegemee saa uliyoisoma mahali miezi sita iliyopita.

Komunyo ni ya Wakatoliki walio tayari kuipokea. Wengine hubaki kwenye benchi, au huenda mbele wakiwa wamekunja mikono kifuani ili wapewe baraka. Baada ya Misa usikimbilie gari. Simama nje, sema unatoka wapi. Mgeni kutoka Tabora au Nyeri si jambo la kila wiki Pella, na mazungumzo yatakuja yenyewe.

8. Salamu mbili tatu zitakufikisha mbali

*Goeiemôre* asubuhi, *goeiemiddag* mchana, *baie dankie* kwa kushukuru. Mzee wa kiume mwite *Oom*, mama mtu mzima mwite *Tannie*, kama sisi tunavyosema mjomba na shangazi kwa mtu ambaye hatujazaliwa naye. Kwa wenyeji wa kule kumwita mtu mzima kwa jina tupu ni utovu wa adabu, na hapo tunaelewana kabisa. Wazee wengine bado wana Kinama, lugha yenye sauti za kualisha ulimi. Ukisikia ikizungumzwa, usimwombe mtu airudierudie kama mchezo. Mwombe akufundishe neno moja kwa nia njema.

9. Waone masista na makumbusho madogo

Misheni ya Pella haikuwa ya mapadre peke yao. Masista wa familia hiyo hiyo ya Mtakatifu Fransisko wa Sales walifundisha watoto, waliuguza wagonjwa na kulima bustani katika ardhi ile kavu. Mwanzilishi wa masista wa Troyes, Léonie Aviat, alitangazwa mtakatifu mwaka 2001.

Kwenye eneo la misheni kuna makumbusho madogo yenye vitu vya zamani vya kituo. Kama mlango umefungwa, bisha hodi kwa masista kwa heshima, si saa ya chakula wala ya sala, ueleze kwamba umetoka mbali. Ukifunguliwa, nenda polepole. Vitu vya kawaida vya kazi na sala vinaeleza maisha ya jangwani vizuri kuliko maelezo marefu ya ukutani.

Askofu Simon (alipewa uaskofu baada ya miaka ya kazi, na ndiyo maana kanisa la kijiji likawa kanisa kuu, lenye kiti cha askofu) alikaa nchi ile nusu karne, hadi kifo chake mwaka 1932. Ameacha kumbukumbu zilizochapishwa, na anayesoma Kiingereza au Kifaransa azitafute kabla ya safari. Azisome akijua kwamba ni sauti ya Mzungu wa wakati wake, na kwamba jina alilowaitia wenyeji, ambalo lilikuwa la kawaida kwa Wazungu wa siku hizo, leo ni tusi. Jimbo lenyewe siku hizi linaitwa Keimoes-Upington.

10. Kula tende za Pella

Mtu wa pwani akiona mitende ya Pella atadhani ameletewa Muskati. Imesimama karibu na kanisa, imebeba makole, na chini yake kuna kivuli cha pekee kijijini. Mtende hutaka kichwa kiungue na miguu iwe majini. Pella ina jua la kutosha na maji ya ardhini, na mto hauko mbali. Kilimo hicho kimekua. Jirani, kwenye shamba la Klein Pella, kuna moja ya mashamba makubwa ya mitende kusini mwa ikweta.

Mavuno huanguka mwishoni mwa majira ya joto, baada ya Januari. Ukifika wakati mwingine utapata zilizokaushwa. Nunua kutoka kwa watu wa kijijini moja kwa moja, bila kubishania bei hadi senti ya mwisho. Kilo mbili za tende za Pella ni zawadi nzuri kwa mama nyumbani, na kama Ramadhani iko karibu, kwa jirani.

Chakula kingine cha kutafuta ni nyama ya mbuzi, na mikate midogo inayookwa juu ya makaa iitwayo *roosterkoek*. Ile ikiwa ya moto, na siagi.

11. Tazama nyumba za mikeka

Kando ya baadhi ya nyumba za matofali utaona vibanda vya mviringo. Ni nyumba za asili za Wanama: fito zimepindwa kuwa kuba, juu yake ikatandazwa mikeka ya matete. Wakiwa wafugaji wa kuhamahama waliweza kuikunja nyumba nzima na kuibebesha wanyama. Mikeka ikikauka, matete husinyaa na upepo hupita. Mvua ikinyesha, hufura na kuziba nafasi. Wataalamu wa majengo ya kisasa wanalipa fedha nyingi kutafuta ubaridi ambao mabibi wa Kinama waliupata kwa mkono. Siku hizi vingi hutumika kama jiko au mahali pa kupumzikia. Omba ruhusa kabla ya kuchungulia, kwa sababu ni nyumbani kwa mtu.

12. Picha, na mto

Kwa nje piga picha unavyotaka. Asubuhi na jioni ndiyo saa zake. Ndani, uliza. Watoto watakukimbilia wakitaka kupigwa picha, lakini mzazi aulizwe kwanza. Usirushe droni juu ya kijiji bila idhini. Pesa taslimu, randi ndogondogo, iwe mfukoni, maana kadi haifanyi kazi kila mahali.

Kuhusu mto: uko kilomita chache kaskazini, na njia yake ina mawe. Usiende bila gari la juu na mwenyeji anayeijua njia. Maji ya Mto Orange yametoka milima ya Lesotho, yamesafiri nchi kavu nzima, na bado yana safari hadi Bahari ya Atlantiki. Ukifika, utaelewa kwa nini watu wa 1814 walichagua upande huu. Usiogelee mahali usipopajua, na angalia unapokanyaga: kifutu hupenda kulala kwenye mchanga wenye joto. Kama unarudi kupitia Upington, tenga nusu siku kwa maporomoko ya Augrabies, ambako mto huo huo unadondoka mita 56 ndani ya korongo la mawe matupu.

13. Acha kitu nyuma

Jengo la matofali ya mkono lenye umri wa zaidi ya miaka 130 linataka rangi, lipu, mabati na uangalizi kila mwaka, na kijiji chenyewe si tajiri. Hakuna mlolongo wa watalii wa kulipia viingilio. Kwa hiyo sanduku la sadaka mlangoni usilipite. Weka kiasi ambacho ungelipa bila kulalamika kuingia jumba la makumbusho la Cape Town. Mlipe aliyekuongoza, kunywa chai yako kijijini badala ya kwenye kituo cha mafuta, nunua tende, na ukirudi nyumbani waeleze wengine namna ya kufika. Kama una picha nzuri uliyompiga mzee au mtoto, itume kwa simu kama ulivyoahidi. Watu wa kule huisubiri.